Haja Ndogo

Kosa ni la Zuberi Singano, na mwenyewe halikatai: ndiye aliyeipa ile mashine jina la Shangazi.

Ilipoletwa kwenye zahanati ya Kwamtindi, kule juu milimani Usambara, ilikuja na jina lake la kiserikali, Mfumo wa Upokezi na Upangaji wa Wagonjwa. Jina refu kuliko foleni yenyewe. Ilikuwa boksi la kijani lililopachikwa dirishani, pale alipokuwa akikaa karani zamani. Lilikuwa na jicho la kioo na sauti ya mwanamke mtu mzima, sauti nzito kidogo, kama ya mtu aliyelea watoto wengi na kuzika waume wawili. Siku ya uzinduzi watu walikaa mbali nalo. Hakuna aliyetaka kuonekana wa kwanza kuongea na boksi.

Basi Singano, tabibu wa pale, mtu wa hamsini na kitu, mwenye kitambi cha adabu na mdomo usiopumzika, akasogea dirishani. Akavua kofia, akainama kama bwana harusi mbele ya wakwe, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Shikamoo, Shangazi!"

"Marahaba," boksi likajibu. "Karibu. Unasumbuliwa na nini?"

"Uzee, Shangazi."

"Uzee si dharura. Tafadhali kaa usubiri."

Baraza zima likaangua kicheko. Woga ukaisha hapo hapo. Toka siku ile, hata mkuu wa wilaya alipokuja kukagua aliambiwa, "Shangazi yuko pale dirishani, mheshimiwa, msalimie kwanza."

Ubaya wa jina ni kwamba linakuja na tabia zake. Enzi za karani, mtu alifika dirishani akasema anaharisha, mkojo unamchoma, basi, yameisha. Sasa nani mwenye malezi yake amwambie shangazi maneno ya chooni? Watu wakaanza kuvaa kanga mpya kuja zahanati. Wakaanza kuamkia, kuulizia hali, kuyavisha maneno nguo. Tumbo likawa "halitulii." Mwanamke akawa "hayuko sawasawa kwa mambo yetu." Na kuna mzee mmoja, fundi seremala, alikuja akiwa amebana miguu, akasema, "Shangazi, nakuomba radhi sana, nina shida ya haja ndogo."

"Asante kwa kunieleza," akasema Shangazi. "Haja yako ndogo nimeipokea. Wenye haja kubwa watatangulia."

Halafu mama mmoja aliyekuwa nyuma, tumbo linamkata toka alfajiri, akanyanyuka. "Mimi hapo! Nina haja kubwa, nipisheni!"

Singano alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamvuta yule fundi mkono, akamtibu mwenyewe saa ile ile, kwa hiyo hakuna aliyeumia, na kisa kikabaki cha kuchekesha. Alikisimulia kwenye chai. Alikisimulia harusini, akakisimulia hata matangani, jioni ya pili, watu walipokwisha kuchoka kulia. Kila mahali watu waliinama kwa kucheka. Hata siku moja hakukaa akajiuliza: hivi lile boksi lilielewa nini?

*

Asubuhi moja ya Juni, ukungu umeshuka mpaka kwenye ngazi za zahanati, Sikudhani alipanda mlima mbio na mtoto mgongoni. Sikudhani ni mchuuzi wa matunda. Hushuka Mombo na matenga ya mapeasi, akakaa huko siku kadhaa, mtoto akabaki kwa bibi. Safari hii alirudi usiku akamkuta mwanawe kavimba uso, anatapika. Alipofika dirishani hakuamkia.

"Mtoto hakojoi! Tangu jana hakojoi, mnanisikia? Hakojoi!"

Taa nyekundu ikawaka palepale. King'ora kikalia mpaka nyuma ya jengo, na Singano akaja anakimbia na kikombe cha chai mkononi. Shangazi alikuwa keshaita kipanga kutoka hospitali ya rufaa. Kipanga ni ile ndege isiyo na rubani, inayobeba mgonjwa mmoja na mtu wake.

Mtoto aliitwa Mbaruku, wa miaka mitano, lakini mwili wake ulikuwa wa mtoto wa miaka mitatu.

"Mheshimiwa," Singano akamwambia huku akimlaza kitandani, "nasikia umegoma. Madai yenu ni nini?"

Mbaruku akafumbua macho kidogo. "Inakataa," akasema.

Singano akampapasa tumbo, na utani ukamtoka. Chini ya kitovu palikuwa na uvimbe wa mviringo, mgumu, kana kwamba mtoto kameza embe zima. Kilikuwa kibofu, kimejaa mpaka kinakaribia kitovu. Akamsimamisha mbele ya ndoo. "Jaribu kidogo, baba." Mtoto akashika ukuta kwa mkono mmoja, akajikamua, shingo ikamtoka mishipa. Yakatoka matone, yakakatika, yakatoka matone mengine.

"Siku zote hukojoa hivi?"

"Siku zote," Sikudhani akasema. "Wenzake wakienda naye porini wanamaliza wanamwacha. Hata kuulowesha mti hawezi, wanamcheka. Halafu usiku godoro chepechepe, na mchana suruali haikauki. Na homa haziishi, tukimeza dawa zinapoa, zinarudi. Mimi nilijua uvivu." Akaikunja suruali ya mtoto iliyolowa. "Nimempiga sana, Daktari. Nimembebesha godoro lake mchana kweupe apite nalo njiani, wenzake wamwone, aone haya aache."

Singano alikuwa ameinama anafungua mpira wa mkojo. Mtoto anayelowesha kitanda usiku tu, mchana yuko mzima, anakojoa kwa nguvu kama wenzake, huyo mara nyingi hana ugonjwa. Usingizi wake mzito, kibofu chake hakijajifunza kumwamsha. Atakua ataacha, na fimbo haimsaidii kitu. Mama wengi Singano alikuwa amewaambia hivyo, akawarudisha nyumbani wakicheka. Lakini mtoto anayelowa usiku na mchana, anayejikamua, anayedondosha matone, mwenye homa za kurudiarudia, huyo hamwachi bila wasiwasi mtu yeyote aliyesoma hata ile diploma ya Singano. Huyo kuna kitu kimemziba.

Mpira ukapita kwa shida. Mkojo ukaanza kushuka kwenye mfuko, mzito, wenye rangi ya maji ya mto baada ya mvua, na harufu iliyomfanya Sikudhani ageuke. Mbaruku akashusha pumzi ndefu. Pengine ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kibofu kile kuwa kitupu.

"Mama," akasema taratibu, "imekubali."

*

Kipanga kiliwachukua mama na mtoto. Singano akashika usukani wa gari la zahanati, akampakia Bi Mwantumu, bibi yake Mbaruku mzaa mama, wakashuka mlima kuelekea mjini. Bi Mwantumu alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, aliyefunga kilemba chake vizuri hata siku ile. Singano alimjua miaka. Ndiye aliyekuwa akimpa vidonge vya presha, na kila akimpa alimwambia, "Bibi, ukiolewa tena unialike," naye alimjibu, "Nikualike wewe, nani atakayeuvumilia mdomo huo?"

Siku ile hawakutaniana. Kona ya tano au ya sita, bibi akasema:

"Mimi nilimleta, mwanangu."

"Ulimleta nani?"

"Mjukuu wangu. Mwaka jana nilimleta, nikarudi naye wakati wa masika, nikarudi tena juzi juzi hapa baada ya Idi. Sikukaa kimya mimi. Watu watasema bibi yake alikaa kimya."

"Kwangu hukufika, bibi."

"Nilifika kwa Shangazi." Akarekebisha kanga mabegani. "Kwani si yeye anayepokea?"

Singano akapunguza mwendo. "Ulimwambiaje?"

"Nilimwamkia. Nikamwambia, Shangazi, nakuomba radhi kwa ninalotaka kusema, mjukuu wangu huyu ana taabu ya haja ndogo. Akaniambia, asante kwa kunieleza, haja ndogo nimeipokea. Kwa leo sitamsumbua daktari. Mpe maji ya kutosha, mwamshe usiku mara moja, na ikizidi urudi. Aliongea vizuri sana, hakunikatiza. Nikarudi masika, nikamwambia, Shangazi, ile haja ndogo bado. Akasema, pole, haja ndogo inaweza kusubiri. Mara ya mwisho aliniita kwa jina. Alisema, karibu Bi Mwantumu, bado ni ile haja ndogo? Nikafurahi, nikajua ananikumbuka." Akamgeukia. "Mbona umesimama?"

Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara, injini inanguruma.

"Naangalia tairi," Singano akasema. Akashuka, akaenda nyuma ya gari, akasimama pale ambapo bibi hamwoni. Matairi yote yalikuwa mazima. Alisikia sauti yake mwenyewe kwenye harusi ya mwanawe wa kwanza, anaigiza ile sauti nzito, wenye haja kubwa watatangulia, na ukumbi mzima unapiga meza.

*

Daktari wa upasuaji wa watoto alikuwa mama mmoja mfupi aliyeitwa Ngowi. Aliwaeleza kwenye korido, akiwa bado na kofia ya chumba cha upasuaji.

"Amezaliwa na vigozi viwili kwenye njia ya mkojo, vyembamba kama utando wa kitunguu. Vinafunga njia, mkojo unarudi nyuma. Wavulana wachache huzaliwa hivyo. Nimeingiza kamera nyembamba, nimevichoma, kazi ya nusu saa. Sasa njia iko wazi, mpira ukitolewa atakojoa kama bomba." Akafungua faili la mtoto. "Lakini mkojo umerudi kwenye figo miaka yote hiyo, na wadudu wamepanda nao. La kulia limekufa. La kushoto linajikongoja. Tutaanza kumsafisha damu wiki hii."

"Mpaka lini?" Singano akauliza, ingawa alijua.

"Kibofu ningeweza kumwoteshea kipya, hicho tumeshaweza. Figo bado hatujaweza. Figo mpaka mtu atoe. Mama yake tumempima, damu haziendani. Baba ni marehemu." Akavua kofia. "Angekuja mwaka jana, Tabibu, ningevichoma, mngekaa siku mbili mngekwenda zenu."

Singano akatoka nje, akaketi kwenye kibaraza karibu na tangi la maji, akampigia Restituta. Restituta ni injinia kijana wa makao makuu, ndiye msimamizi wa mashine za ukanda mzima, na walipendana kama baba na binti, kwa sababu yeye alikuwa mtu pekee ofisini aliyecheka utani wake bila kuangalia bosi.

Akamweleza yote. Upande wa pili ikasikika sauti ya vidole vinagonga.

"Nimeiona," Restituta akasema. "Mungu wangu. Imefunzwa kwa nyaraka, Mzee Singano. Kwenye nyaraka, haja ni hitaji. Ngazi zetu za wagonjwa zilipoandikwa ziliitwa haja kubwa, haja ya kati, haja ndogo. Ni watu wa tafsiri, wamekaa ofisini na kamusi."

"Lakini bibi alisema taabu. Neno taabu si lilitosha?"

"Kuna kanuni tuliyoiweka juu ya zote. Mgonjwa akitaja mwenyewe uzito wa shida yake, mashine isimbishie. Tulichoka na malalamiko kwamba wagonjwa hawasikilizwi. Bibi alisema ni ndogo..."

"Ikamwamini."

"Ikamheshimu," Restituta akasema. "Kwa nini hakuna mtu aliyetuambia?"

"Mimi nilisikia kwa masikio yangu, Resti. Mwaka wa juzi. Yule fundi."

"Ile ya wenye haja kubwa watatangulia?"

"Ile."

"Uliisimulia kwenye semina Morogoro," akasema polepole. "Mimi nilikuwepo. Nilicheka mpaka nikatoka nje kupumua."

Muuguzi mmoja akapita na sinia la dawa, akamwamkia Singano, naye akaitikia bila kujua anaitikia nini.

"Nimesharekebisha," Restituta akasema. "Tunavyoongea hivi, imekwisha. Hakuna mtoto mwingine atakayepotea kwa neno hilo, sehemu yoyote. Sasa nisikilize vizuri, kabla hujarudi ndani. Familia ikishaambiwa kwamba mashine ilikosea kwa mtoto, sheria haina mjadala. Zinazimwa zote, ukanda mzima, mpaka tume imalize. Unazijua tume. Mwezi uliopita tu Shangazi wako amemkamata yule mama aliyekuja kwa kichefuchefu, kumbe mimba imetunga nje ya kizazi, damu inavuja ndani. Angekufa kwenye benchi. Nani atamkamata mwingine? Wewe? Una zahanati tatu na gari moja."

"Najua ninacho, binti."

"Sikwambii udanganye. Mtoto kazaliwa na ugonjwa, na huo ni ukweli. Waambie huo."

"Yule mama anaamini ni fimbo zake."

"Mwambie si fimbo."

"Ataniuliza, basi ni nini, mbona haikuonekana mapema. Nimtazame machoni nimwambie ni bahati mbaya?" Singano akafuta jasho, ingawa palikuwa na upepo. "Na nikimwambia ukweli namtua mama mzigo, namtwika bibi. Bibi hajamkosea mtu. Kosa lake ni malezi mazuri."

"Ndiyo hapo," Restituta akasema. "Kwa hiyo unamwambia ili nani apone?"

Hilo lilimchoma. Alitazama viatu vyake, vina matope ya Kwamtindi, mekundu. Akawaza kunyamaza kungekuwaje. Kungekuwa rahisi. Angerudi mlimani, angempa bibi vidonge vyake, wangetaniana. Na pale dirishani watu wangeendelea kuja na kanga mpya.

"Resti. Neno hili umelirekebisha. Mangapi mengine?"

"Yapi?"

"Hata mimi siyajui yote. Mwanamke wa kwetu akisema hayuko sawasawa, anaweza kuwa na mimba, au anatokwa damu, au ana uvimbe, au mumewe kamwambukiza. Mzee akisema amechoka kiume, haongelei kazi ya shamba. Watu wana njia ngapi za kuficha neno, na Shangazi anajua ngapi?"

Tangi la maji lilikuwa linadondosha.

"Sijui," Restituta akasema.

"Basi."

"Watu watakufa, Mzee Singano. Wakati imezimwa. Nataka ujue kwamba nimekuambia."

"Umeniambia, mwanangu. Na walio kwenye foleni sasa hivi, waliotulizwa wakarudi nyumbani kwa sauti nzuri, hao nani kawaambia?"

*

Chumba kilikuwa cha vitanda vinne, vitatu vitupu. Mbaruku amelala, mfuko wa mkojo unaning'inia pembeni, safi sasa, rangi ya chai ya rangi iliyochujuka. Sikudhani amekaa kwenye kigoda, kichwa kwenye godoro. Bi Mwantumu ameketi wima kwenye kiti cha plastiki. Dokta Ngowi alikuwepo pia, anaandika kwenye kibao miguuni pa kitanda.

"Daktari," Sikudhani akasema bila kunyanyua kichwa, "niambie tu. Nilimpiga mara moja hapa, kiunoni, na mwiko. Mafigo si yako hapa?"

"Si mwiko, mama."

"Unanionea huruma."

"Si mwiko. Nakuapia. Hata ungempiga kila siku, vigozi vile usingevitengeneza wewe. Kazaliwa navyo."

"Kazaliwa navyo, halafu miaka yote hii hakuna aliyeona?" Sasa alinyanyua kichwa. "Mama kamleta pale. Kila mara aliambiwa aende nyumbani. Mtu hawezi kukojoa, anaambiwa aende nyumbani? Kwa nini?"

Singano akafungua mdomo, na kwa mazoea ya miaka, utani ukawa wa kwanza kufika. Alisema kitu kuhusu Shangazi kuzeeka masikio. Hakuna aliyecheka. Maneno yakabaki hewani, mabaya, kama harufu. Akaona haya ambayo hajawahi kuona toka utotoni.

Akavuta kigoda akaketi, magoti yake yakawa karibu yaguse ya bibi.

"Nisameheni," akasema. "Nitasema vizuri."

Akawaeleza. Hakutumia maneno makubwa. Alieleza haja inayomaanisha choo na haja inayomaanisha hitaji, alieleza ngazi tatu, na kwamba boksi lilisikia ndogo likaelewa ndogo. Alieleza habari ya yule fundi, na kwamba yeye alikuwepo, akacheka, akaenda kuchekesha wengine, na hakuuliza. Akasema jina la Shangazi lilitoka kinywani mwake. Alipomaliza, Dokta Ngowi alikuwa ameacha kuandika.

"Kwa hiyo si mwiko," Sikudhani akasema.

"Si mwiko."

"Lakini nilimpiga."

Singano alitaka sana kumpa neno la kumponya. Akalitafuta, halikuwepo.

"Ulimpiga," akasema.

Sikudhani akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa hesabu sahihi. Akauingiza mkono chini ya shuka, akashika mguu wa mwanawe, akaushikilia.

Bi Mwantumu alikuwa anaitazama mikono yake.

"Ningesema mkojo," akasema mwishowe.

"Bibi, huna kosa hata moja..."

"Ningesema tu, mjukuu wangu hawezi kukojoa." Alilitamka neno taratibu, kama anaonja dawa. "Nilikuwa mdogo kama huyu, nikalisema mbele ya shangazi yangu aliyekuja mgeni. Marehemu mama akanipiga kibao hapa. Akaniambia mtoto wa kike aliyelelewa hasemi hivyo. Sijalisema tena mbele za watu mpaka leo." Akamtazama Singano, macho makavu kabisa. "Sasa nimelisema. Mbona ni neno dogo hivi?"

Simu ya Singano ikatikisika mfukoni. Alijua ni nini, kwa sababu kabla hajaingia chumbani alikuwa amemwandikia Restituta, nawaambia sasa. Akaitoa akaangalia. *Nimezima zote. Mungu atusaidie.* Akairudisha mfukoni. Huko juu Kwamtindi ilikuwa saa ya watu kuanza kushuka kutoka mashambani, na wenye watoto wenye homa wangekuwa wanasogea dirishani, wanaamkia.

Mbaruku akageuka usingizini, akalalamika kidogo. Bibi yake akanyanyuka, akaweka sawa shuka, akapangusa paji la uso la mtoto kwa ncha ya kanga. Kisha akafungua kilemba chake. Singano hakuwahi kumwona kichwa wazi. Nywele zilikuwa nyeupe zote, chache, zimesukwa mistari minne. Akakikunja kilemba vizuri akakiweka kwenye kiti, kama mtu anayejiandaa kulala kitandani kwa wageni.

"Dokta," akamwambia yule mama wa upasuaji. "Umesema mpaka mtu atoe."

Ngowi akakishusha kibao. "Mama..."

"Mimi ni damu yake. Sijawahi kunywa pombe, sijawahi kulazwa hata siku moja, uzazi wangu wote niliumalizia nyumbani. Ninayo mawili. Chukueni langu."

Sikudhani akafunika uso kwa mikono yote miwili. Dokta Ngowi akatazama dirishani. Alikuwa ameliona faili la bibi walipompima presha mlangoni asubuhi ile, na wala hakuhitaji faili, alikuwa anauona umri wake, anaona vifundo vya miguu vilivyovimba juu ya ndara. Singano hakuhitaji kuona chochote. Miaka yote ile ya vidonge yeye ndiye aliyekuwa akipima mkojo wa Bi Mwantumu kila baada ya miezi, na alijua vizuri hali ya yale mafigo mawili.

"Hata kama ni bovu kidogo," bibi akasema. "Mtoto hahitaji la kupendeza. Mwanangu Zuberi, wewe unanijua. Mwambie."

Zuberi Singano, ambaye hakuwahi kukosa neno harusini wala msibani, akatazama sakafu.

"Nipimeni basi," Bi Mwantumu akasema. Alikuwa keshaanza kupandisha mkono wa gauni, mkono mwembamba, ameunyoosha mbele yao. "Nipimeni hata leo. Nawaomba."